Siku ya Kliniki ya Kisukari, Vua Viatu Kabla Hujaambiwa

Ukiingia kwa daktari siku ya kliniki ya kisukari, vua viatu na soksi kabla hata hujasalimia vizuri. Foleni ni ndefu, mafaili yamejaa mezani, na ukizubaa utapimwa sukari na presha, utaandikiwa dawa na tarehe ya kurudi, uondoke miguu haijatazamwa. Mimi nina kisukari miaka mingi sasa, na sijaona daktari aliyeiruka miguu iliyokwisha kuwekwa wazi mbele yake.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Unafumba macho, muuguzi anakugusa nyayo kwa kiuzi cha plastiki kinachopinda kikikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10, nawe unasema kila unapohisi. Mahali usipohisi, mishipa ya fahamu imeanza kuharibika. Halafu hutafuta mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo cha ndani, akaangalia sugu, kucha na katikati ya vidole. Mwenye hisia na mapigo mazuri hupimwa mara moja kwa mwaka. Aliyekwisha kufa ganzi arudi kila miezi 6 hadi 12, na aliyewahi kupata kidonda au kukatwa kidole, kila mwezi 1 hadi 3. Omba waandike kwenye daftari lako uko kundi gani.

Wengi wetu husubiri maumivu, na kwenye ganzi maumivu hayaji. Msumari unatoboa kandambili, mtu anashinda nao. Madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kuandika kuhusu wagonjwa walioguguniwa miguu na panya usiku wasishtuke. Panya huuma akipuliza, wasemavyo wazee. Kwa mwenye ganzi hana hata sababu ya kupuliza.

Ndiyo maana kila jioni mjukuu wangu hunikagua nyayo kwa tochi ya simu (malipo yake ni karanga, na bei inapanda). Asipokuwepo, naweka kioo sakafuni. Magaga nayapaka mafuta, ila katikati ya vidole sipaki. Huko nakausha kwa kitambaa, hasa baada ya udhu, maana unyevu ndio unaoalika fangasi. Adhuhuri sivuki ua wa msikiti pekupeku, saruji huunguza nawe usijue. Viatu nakung'uta kabla ya kuvaa, na vipya nanunua jioni miguu ikiwa imevimba kidogo.

Wale vijana wanaopita mitaani kusugua miguu na kupaka rangi kucha, nawapenda kwa bidii yao, lakini wembe wao usiguse sugu yako. Hata kuloweka miguu kwenye maji moto ya chumvi, achana nako.

Ukiona kidonda, lengelenge, kidole kinachobadilika kuwa cheusi, harufu, au mguu mmoja umevimba na una joto kuliko mwenzake, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Najua watu hujificha wakihofia kukatwa, na wakati huo ndipo kidonda kinapozama hadi mfupani. Mapokezi wakikuuliza mbona tarehe yako bado, jibu, “Nina kisukari na nina kidonda mguuni,” kisha vua kiatu hapo hapo.