Re: Mafuta kwenye ini, moyo unaingiaje hapo?

Habari mkuu. Umeuliza ultrasaundi imekuta mafuta kwenye ini, vipimo vya damu vya ini viko poa, sasa mbona daktari anakazania moyo. Yuko sahihi kabisa. Mimi ninalo tatizo hilohilo na nilianzia kwenye presha, sukari, kolestro na trigliseraidi (aina ya mafuta ya kwenye damu), anza na hivyo na upime kiuno pia, maana vipimo vya ini vinaweza kusoma kawaida na mafuta yamo.

Ini likizidiwa linamwaga mafuta kwenye damu pamoja na kemikali za kuchochea uvimbe (inflamesheni, sio vivimbe vya saratani), zinazunguka mwili mzima na kuta za mishipa zinaumia polepole. Halafu mwenye mafuta kwenye ini mara nyingi anayo na juu ya moyo, na hayo yamegusana kabisa na mishipa inayoulisha moyo, hakuna utando katikati, kwa hiyo uvimbe unapenya moja kwa moja. Ndo maana wenye ini la mafuta wanakufa zaidi kwa moyo kuliko kwa ini lenyewe!

Kama uzito umezidi, ukishusha 7 hadi 10% uvimbe wa ini unapungua sana, ila taratibu, kujinyima ghafla kunaweza kuliumiza ini. Sigara acha leo. Kifua kikibana, usisubiri kliniki, kimbia hospitali.