Mwanangu, vipimo kutoka safi sio kwamba mkeo haumwi

Mwanangu,

Umeniuliza kwenye ile voisi, "mama, kamera ya kuangalia tumbo kwa ndani haijaona kitu, damu safi, na bado kila siku analalamika tumbo, inawezekana ni mawazo tu?" Najua hujauliza kwa ubaya, umechoka. Ila nakujibu moja kwa moja: muamini kwanza.

Mi nimeishi na tumbo la baba yako miaka mingi kabla ugonjwa haujapata jina. Kamera ilionyesha tumbo zuri kabisa, hakuna kidonda hakuna nini, huku yeye akila vijiko vichache kashiba, masaa yanapita anatapika chakula kikiwa vilevile. Kumbe tumbo lilikuwa linachelewa kusukuma chakula, na hicho kamera haikioni maana inaangalia ukuta wa tumbo haiangalii mwendo, mpaka walipomlisha chakula chenye mionzi kidogo wakawa wanampiga picha kwa masaa 4 ndo ikaonekana. Alafu ile kamera ya mdomoni inaishia mwanzo wa utumbo mwembamba, ya nyuma inaona utumbo mpana na kipande kidogo tu cha mwisho wa ule mwembamba, kwaiyo hapo katikati kuna mita kadhaa hakuna alieziona. Ugonjwa wa Crohn, ule wa utumbo kuvimba na kupata vidonda kwa muda mrefu, unaweza ukajificha hapohapo, na una tabia ya kupoa alafu unarudi. Na hata kama hakuna kidonda popote, utumbo una mishipa yake ya fahamu mingi sana, ikihisi kupita kiasi maumivu yale ni ya kweli, hajitungii.

Sasa wewe, usimwache aende kwa daktari peke yake. Mtu anaeumwa kila siku akifika pale anasema "tumbo linasumbua kidogo" basi, ameshachoka kujieleza, wakati wewe ndo unamuona nyumbani kajikunja. Andika kwenye simu: maumivu yanaanza lini na wapi, choo kikoje, kilo zake, dawa zote hadi za maumivu anazojinunulia, maana kuna zinazochubua tumbo. Uliza kama ameshapimwa choo kuangalia kalprotektini, inaonyesha kama utumbo umevimba kwa ndani. Na msikimbilie kuacha ngano kabla hajapimwa siliaki, ule ugonjwa ambao ngano inaumiza utumbo mwembamba, akiacha mapema kile kipimo cha damu kinaweza kutoka safi na ugonjwa upo.

Ila mkiona damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami, anapungua bila kutaka, homa, au tumbo linamuamsha usingizini, msisubiri tarehe ya kliniki.

Nyumbani usianze kumkagua sahani. Hilo swali la "umekula nini tena?" linamuumiza, ni kama unamwambia kajitakia. Mkialikwa mahali na hali yake sio nzuri, wewe ndo upige simu useme hamji, sio yeye aombe radhi kila mara. Na ndugu wakianza "huyu mbona haponi", hata kama ni mimi, tukatishe hapohapo. We pia ulale, uwe na mtu wa kuongea nae mbali na yeye, maana safari hii ni ndefu.

Omba ruhusa kazini mapema uingie nae kwa daktari wiki ijayo. Watoto ntakaa nao mimi.

Mama