Kugombea baada ya mshtuko wa moyo: ratiba ifuate dawa

Tanzania, mikutano ya kampeni inaruhusiwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Mwaka 2025 pirika hizo zilidumu siku 62, Agosti 28 hadi Oktoba 28. Mgombea aliyetoka kuugua moyo hawezi kuzibeba saa 10 kila siku. Mpangieni saa tatu au nne, zilizobaki zifanywe na mabalozi wa chama mitaani, wapiga debe na gari la matangazo. Ratiba ipangwe hivyo kabla haijapelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi, maana kuibadili baadaye ni kazi.

Kinachowaponza wengi ni dawa ya kukojoza, hasa Lasix. Ukiimeza, mkojo huanza ndani ya saa moja na kuendelea kwa saa kama sita. Mgombea akiwaza kubanwa katikati ya Tandale, Dar es Salaam, tena mbele ya watu, anairuka. Siku mbili tatu baadaye viatu havimwingii na usiku halali bila mito mitatu: maji yamejaa. Daktari akikubali, ameze saa 11 alfajiri na mkutano wa kwanza uwe saa 5. Mtu wa kutangulia aombe mapema choo kwenye nyumba ya jirani na uwanja. Mgombea apande mizani kila asubuhi kabla ya chai. Uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, mikutano isimame aende kliniki.

Aliyewekewa stenti, kijibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo, asiache aspirini wala klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, bila ruhusa ya daktari. Akiziacha, stenti inaweza kuziba ghafla.

Vidonge vya nitrogliserini, vile vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, vikae kwenye chupa yake ya kioo, mfukoni mwa msaidizi anayetembea naye. Visiachwe kwenye gari. Joto la Dar huviua nguvu. Kifua kikibana, mgombea aketi kwanza, kwa sababu dawa hiyo hushusha presha na anaweza kuanguka. Dakika 5 zikipita bila nafuu, safari ya hospitali ianze, hotuba imeisha au haijaisha.

Aliyepasuliwa kifua ana sharti la ziada. Mfupa wa kifua huhitaji wiki 8 hadi 12 kuunga. Asibebwe mabegani, asivutwe mkono kupandishwa kwenye Canter. Vijana wa hamasa waambiwe waziwazi, tena kila siku, kwa sababu furaha husahaulisha. Tafuteni ngazi na kiti.

Spika zijaribiwe saa moja kabla ya mkutano. Maiki mbovu humfanya apige kelele, na presha inapanda naye. Hotuba ya dakika 12 inatosha.

Chakula ni mtihani, kwani kukataa pilau la mwenyeji ni kumvunjia heshima. Mama mwenye nyumba apigiwe simu mapema aombwe kutenga sahani isiyo na chumvi. Wanawake wa Dar wakielezwa ugonjwa, hupika kwa huruma kuliko daktari anavyotarajia.

Kila uwanja uandikiwe hospitali ya karibu. Kutoka Mbagala saa 11 jioni, msiwaze kufika Muhimbili, Upanga, kwa foleni ile ya Barabara ya Kilwa. Hospitali ya Temeke ipo njiani. Gari liegeshwe likitazama barabara, nje ya umati, dereva akiwa ndani.