Pundamilia hafukuzwi na Noah: kwa mkuu anayepeleka watoto Mikumi Jumamosi

Mkuu simama hapo hapo. Usitume hiyo hela iliyobaki.

Nimesoma swali lako mara mbili. Watoto wawili, wa miaka mitano na minane, wamewapenda pundamilia kwenye kitabu cha picha, unataka wakawaone laivu na wajue wanaishije porini, mnatoka Dar alfajiri mnarudi usiku huo huo, unauliza gari gani, msosi gani, nguo gani. Sawa. Kilichonishtua ni ule mstari wako wa mwisho, kwamba dalali kakuahidi "big faivu" yote (simba, chui, tembo, nyati na faru) kwa siku moja na dereva wake "atawasogelea kabisa mpaka watoto karibu wawaguse". Mkuu hayo maneno nayajua. Niliambiwa hivyo hivyo mwaka 2022, neno kwa neno, nikalipa, na ilichukua muda mrefu binti yangu kuacha kushika mkono wa mama yake kila gari likiacha lami.

Kwanza hiyo big faivu ni uongo mtupu, Mikumi hakuna faru. Simba wapo, chui wapo, tembo na nyati wapo, faru hakuna. Sasa mtu anauza safari ya Mikumi na hajui hilo, au anajua na anakupiga fiksi, utamkabidhi watoto wako?

Sisi ilikuwa likizo ya Juni. Tulitoka Mbezi saa tisa usiku kwa gari la Noah, mimi, mama watoto, binti wa miaka saba na mdogo wake wa minne. Malori ya Tunduma unayajua, Chalinze tukasota, Morogoro tunakunywa chai jua limeshatoka, getini tunaingia saa nne na nusu, joto limeanza, watoto wamechoka na dereva hajalala. Na ana listi yake kichwani. Twiga, dakika mbili, "mmeona? twende". Swala, hata hajasimama. Binti akauliza kwa nini pundamilia na nyumbu wako pamoja, dereva akajibu "marafiki hao" akakanyaga mafuta.

Marafiki! Mtoto kauliza swali zuri kuliko yote ya siku hiyo akajibiwa hivyo. Pundamilia ana meno ya mbele juu na chini, anakata zile nyasi ndefu ngumu, na kwa vile hacheui kama ng'ombe anakula nyingi, karibu mchana kutwa. Nyumbu hana meno ya mbele ya juu, yeye anataka majani mafupi laini yaliyobaki chini. Mmoja anafyeka, mwenzake anakula kilichofunuliwa, na wakiwa wengi macho ya kumwona simba yanakuwa mengi. Mtoto wa miaka saba anaelewa hiyo, mwambie tu ni kama dada anakula mkate maganda na mdogo wake anapewa ya katikati.

Haya tukafika uwanda wa Mkata. Mita kama mia kutoka barabarani kulikuwa na familia moja, dume, majike manne na watoto wawili, mmoja mdogo kabisa, milia yake bado ya kahawia, manyoya yamemsimama kama kavishwa sweta, miguu mirefu kuliko mwili. Na hapa sitaficha, mimi ndiye niliyesema "kaka sogea kidogo watoto waone". Niliona tumelipa hela nyingi kuja kuangalia vitu vya mbali. Dereva hakusita hata sekunde, akatoa gari barabarani akaingia kwenye nyasi moja kwa moja huku anapiga honi, eti wainue vichwa tupige picha.

Waliinua vichwa kweli, kisha wakatimua. Sasa wale wakikimbia wana mpangilio wao, jike mkubwa anaongoza, wengine na watoto wanamfuata, dume anabaki nyuma kati ya familia yake na hatari. Hatari siku hiyo tulikuwa sisi. Na dereva badala ya kusimama akakata kona awazunguke kwa mbele, gari likapita katikati yao, yule mdogo akabaki upande huu wa korongo na wenzake wote upande ule. Kasimama peke yake, anageuza kichwa huku na huku. Binti yangu akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kabla wala baada: "Baba tumempoteza mtoto wa watu!"

Sikuwa na la kumjibu mkuu. Mpaka leo sina.

Hapo hapo gari likazama. Ule udongo mweusi wa mbugani juu umekauka, chini ni ugali. Dereva akakanyaga mafuta mpaka moshi, tairi zikachimba, tumbo la Noah likakaa chini. Akapiga simu getini, akazima gari, akasema mtu asishuke. Mke wangu haongei. Mdogo analia kwa sababu dada yake analia.

Tulikaa hapo zaidi ya nusu saa, injini imezimwa, vioo juu, na ndipo kwa mara ya kwanza siku hiyo nikasikia pori. Kwanza ndege. Baadaye ikaja sauti ng'ambo ya korongo, kama mbwa mdogo anayebweka huku amekabwa, "kwa-ha! kwa-ha-ha!" Mdogo wetu akaacha kulia akauliza mbwa katoka wapi. Ni dume, karudi. Yule mtoto wa pundamilia akaitikia kwa kasauti kembamba, masikio yamesimama. Dume akashuka korongoni akapanda upande wetu, akasimama anatukazia macho, nyuma yake akatokea jike mmoja anatembea haraka haraka. Mtoto akamkimbilia. Jike akamnusa shingoni, mgongoni, mkiani, taratibu, kama mama anavyomkagua mtoto aliyeanguka kwenye baiskeli, kisha yule mdogo akaingiza kichwa chini ya tumbo akaanza kunyonya, kale kamkia kanapepea. Binti yangu alilia upya, ila kilio hiki kilikuwa kingine.

Nataka uelewe hapo mkuu. Siku nzima, hela yote ile, kitu pekee walichoona wanangu kuhusu maisha ya pundamilia walikiona kwa sababu gari liliharibikiwa na sisi tukanyamaza.

Askari wa hifadhi aliyekuja kutuvuta ndiye aliyemtuliza binti. Alichuchumaa pale mlangoni akamweleza kwamba jike akishazaa, siku za mwanzo anawafukuza wenzake wote wasimkaribie mtoto, mpaka mtoto ashike harufu yake, sauti yake na milia yake, maana milia ya kila pundamilia ni tofauti kama alama za vidole vyetu. Mimba yenyewe inakaa mwaka mzima na kidogo zaidi, mtoto akitoka tumboni anasimama baada ya dakika chache na ndani ya saa anaweza kukimbia, kwa sababu fisi hawamsubiri akue. Akamwambia na familia haimwachi wake kirahisi, dume akigundua mmoja hayupo anarudi kutafuta. Binti akamuuliza, "Hata kama ni gari?" Akasema hata kama ni gari. Akasimama, akatuandikia faini.

Sasa kuhusu faini. Kutoka nje ya barabara ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa, na dereva anayefanya kazi hiyo kila wiki anajua. Alichosema mbele ya askari ni kwamba "mteja ndiye kasema nisogee". Nikampigia dalali, yule yule aliyeniahidi tutasogea mpaka karibu tuwaguse, akasema "bosi hiyo ni kati yako na hifadhi" akakata simu, na hakupokea tena mpaka leo. Nililipa faini, na Dar tulifika saa nane usiku. Dalali alikula kamisheni yake, dereva akala yake, na wiki tatu mfululizo kabla ya kulala binti ananiuliza kama yule mtoto bado yuko na mama yake. Watu hawa wanauza ukaribu kwa sababu wanajua mzazi wa mjini anaogopa mtoto atachoka asipoonyeshwa kitu puani kwake. Mtoto hachoki kwa umbali. Anachoka kwa kukimbizwa.

Na hilo la kugusa naomba ulifute kabisa. Jina linatudanganya, tunasikia "punda" tunadhani ni yule wa mkokoteni. Huyu anang'ata hasa, na teke lake linaweza kuvunja taya la simba.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na hii niliilipia: familia moja, injini imezimwa, saa nzima. Usikubali mbili, usikubali dakika kumi. Mwandikie dereva kwenye meseji kabla hujalipa, akikataa tafuta mwingine.

Tulirudi 2023, safari hii tukalala Mikumi mjini tukawa getini alfajiri linapofunguliwa. Dereva mwingine, mzee mtulivu, nikamwambia kanuni yangu akacheka akasema hiyo ndiyo kazi anayoipenda. Tulikuta familia pembeni kabisa ya barabara, akazima. Dakika kumi za kwanza walikuwa wanatuangalia wao. Baada ya hapo wakatusahau. Mmoja akajibwaga vumbini akagaagaa miguu juu, wanangu wakacheka mpaka nikawaziba midomo. Wawili wakasimama huyu kaelekea huku huyu kaelekea kule, kila mmoja kaweka kidevu mgongoni kwa mwenzake, hivyo wanaona pande zote na mkia wa huyu unafukuza inzi usoni kwa yule. Pembeni kulikuwa na kundi la madume vijana wasio na familia bado, wanang'atana shingo na kusukumana, mdogo akasema "kama darasani kwetu". Binti alikuwa na daftari, akajaribu kuchora milia ya begani ya mmoja mmoja ili awatambue, akafika watatu. Hakuuliza simba yuko wapi hata mara moja.

Yule mzee ndiye aliyenirekebisha na kuhusu milia, mimi nilikuwa nawaambia ni ya kujificha kwenye nyasi. Akasema angalia inzi. Nilipofika nyumbani nikasoma, kumbe mwaka 2019 Tim Caro na wenzake walichapisha utafiti ambao waliwavalisha farasi makoti ya milia huko Uingereza, pange, wale inzi wakubwa wanaong'ata, walikuja karibu kama kawaida ila kutua juu ya milia wakashindwa, wengi walipitiliza au kujigonga. Na kwa kuwa tumefika kwenye wadudu wanaong'ata, nikujibu na la nguo: msivae bluu iliyokolea wala nyeusi, mbung'o wanazipenda rangi hizo, hata mitego yao inatengenezwa kwa vitambaa hivyo hivyo. Vaeni kaki au kijivu.

Pia kabla hamjaenda waambie watoto nani ni nani kwenye familia, baba anakaa wapi, mama mkubwa anaongoza vipi, wapewe kazi ya kumtafuta kila mmoja. Huyu wangu wa miaka minne alikuwa anajua "zebra" ni ile michoro ya kuvukia barabara tu, ilibidi tuanzie hapo.

Jumamosi usiende mkuu. Dar mpaka Mikumi ni karibu kilomita 300, kwenda na kurudi siku moja na mtoto wa miaka mitano ni kumtesa, mtafika wakati mbaya na dereva atakimbia tu. Subiri mpate siku mbili. Na huyo dalali mpigie leo hii akurudishie advansi, kabla hajagawana na dereva.