Jibu: Baromita yangu Newala inasoma 931, Mtwara mjini 1014. Ni mbovu?

Salaam mkuu. Baromita yako ya mshale, yaani kipima mgandamizo wa hewa, inaonyesha hektopaskali (kizio cha mgandamizo huo) 931 hapo Newala, taarifa ya hali ya hewa ya Mtwara mjini inasema 1014. Usiirudishe dukani. Newala ipo juu ya uwanda wa Makonde, mita 700 na kitu kutoka usawa wa bahari, na kila mita 8 hadi 9 unazopanda mgandamizo wa hewa hupungua hektopaskali 1 hivi. Piga hesabu: 700 gawanya kwa 8.7 ni kama 80. Tofauti yako ni 83, ipo humo humo.

Namba za watabiri wa hali ya hewa huwa zimesharekebishwa hadi usawa wa bahari, kana kwamba zimepimwa pale. Ukitaka yako ifanane, zungusha skrubu ndogo ya nyuma kwa bisibisi, taratibu, huku ukigonga kioo kwa kidole maana mshale hukwama. Linganisha na taarifa ya saa ile ile tu, kwani kwetu mgandamizo hupanda hadi saa 4 asubuhi na kushuka hadi saa 10 jioni, hektopaskali 2 au 3, hata bila wingu. Wengi wakiona mshale unashuka hivyo hudhani mvua inakuja! Skrubu ikigoma usilazimishe; iache, ongeza 83 kichwani.