Mhandisi wa programu unayeutaka uwakili, anza na ushahidi

Wahandisi wa programu wanaofikiria kusomea sheria hapa Marekani karibu wote huniuliza kuhusu kesi za hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake). Ndizo zilizonivuta hata mimi. Lakini ushauri wangu ni kwamba ujifunze ushahidi wa kielektroniki mapema, maana huko ndiko ujuzi wako unakohitajika zaidi, na ndiko mawakili wengi wanakokwepa.

Kwenye hataza yenyewe, mhandisi hukimbilia kuitazama bidhaa. Mahakama hutazama madai, yale maneno yenye nambari mwishoni mwa hati yanayoeleza ni nini hasa kinacholindwa, na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Markman ya mwaka 1996 maana yake huamuliwa na jaji, si juri. Kipengele kimoja cha dai kikikosekana, na hakuna kinacholingana nacho, hakuna ukiukaji, hata kama programu mbili zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Soma dai neno kwa neno kabla hujafungua msimbo (code).

Msimbo wa upande wa pili nao mara nyingi utausoma ndani ya chumba cha ulinzi, kwenye kompyuta isiyo na intaneti, bila ruhusa ya kunakili isipokuwa kurasa chache za kuchapisha. Ingia na orodha ya vipengele vya dai mkononi. Na udai historia ya mabadiliko, kwa sababu toleo la leo halikwambii ni kipi kilichokuwa kikiuzwa wakati mgogoro unaanza.

Sasa ushahidi. Kanuni ya 37(e) ya kesi zisizo za jinai katika mahakama za shirikisho za Marekani, iliyoandikwa upya mwaka 2015, ni kali. Data iliyopaswa kutunzwa ikipotea kwa uzembe na haipatikani kwingine, jaji anaweza kuchukua hatua za kuondoa madhara yake. Ikithibitika ilifutwa kwa nia ya kumnyima mpinzani wako, juri linaweza kuelekezwa kuamini kwamba ilikuwa inakuumbua, au ukashindwa kesi hapo hapo. Nimeona kampuni ikiwaandikia wafanyakazi wote wasifute chochote, huku mfumo wake wa gumzo ukiendelea kufuta ujumbe wenyewe. Barua ilikuwa nzuri kisheria, ila hakuna aliyekwenda kuzima ufutaji ule.

Hapo ndipo mahali pako. Usiulize tu kama wamehifadhi. Uliza nani ana mamlaka ya kubadili mpangilio wa kufuta, kumbukumbu za seva hukaa siku ngapi, kompyuta ya aliyeacha kazi amepewa nani. Zungumza na msimamizi wa mifumo ana kwa ana, kwa lugha yake. Atakueleza mambo ambayo bosi wake hayajui. Halafu kubalianeni mapema na upande wa pili muundo wa kukabidhiana data, la sivyo utaletewa picha za skrini zisizoonyesha nani aliandika wala lini.

Mlioko nyumbani mna nafasi hiyo pia. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahusu cheti cha rekodi za kielektroniki. Tanzania kuna kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kuhusu kupokelewa kwa ushahidi wa aina hiyo mahakamani. Mahakama zinahitaji watu wanaoweza kueleza rekodi ilitokaje ndani ya mashine.

Kuhusu mtihani wa ofisi ya hataza ya Marekani: ni wa wanaoandaa na kufuatilia maombi mbele ya ofisi hiyo. Kuendesha kesi ya hataza mahakamani hakuuhitaji. Kama shabaha yako ni mahakama, tumia muda huo kusoma maamuzi ya kesi ya Zubulake ya 2003 na 2004 kuhusu utunzaji wa ushahidi wa kielektroniki, yaliyoandikwa na Jaji Shira Scheindlin wa New York.