Usibadilishe gundi kabla hujapima neli

Juzi kijana mmoja wa Muyeye, hapa Malindi, alinitumia ujumbe wa sauti na picha sita. Amenunua mashine ya mitumba ya kukunja na kubandika mifuko ya karatasi yenye kitako cha mraba, ile inayosimama yenyewe juu ya meza ya muuza korosho. Vitako vinafumuka, upande wa kushoto zaidi kuliko wa kulia. Ameshabadilisha gundi mara tatu. Akamaliza kwa kuniuliza: "Mwalimu, gundi gani iliyo nzuri?"

Ndugu yangu, gundi yako haina kosa. Tazama picha ya nne, ile uliyopiga kitako kikiwa wazi. Kwenye kitako kuna pembetatu mbili zilizolala, moja kila upande, zinazotokana na mbavu za mfuko, yaani zile pande zilizokunjwa kuingia ndani, kutandazika. Ya kushoto ni kubwa kuliko ya kulia. Kwa sababu hiyo kipande cha juu hakikulala katikati: upande mmoja kimepanda juu ya gundi, upande wa pili kimeishia ukingoni mwa gundi. Hata ukipaka gundi ya fundi seremala, upande ule utafumuka, maana hapo karatasi haikukutana na gundi ya kutosha.

Kitako huonekana kibovu mwisho, lakini kimeharibika mapema, kwenye neli, yaani lile bomba la karatasi linalokunjwa kabla ya kitako. Naandika kwa urefu kwa sababu ujumbe wa namna hii unanijia kila mwezi, na kila mara swali ni la gundi.

Fuata njia ya karatasi. Inatoka kwenye roli, inapita rola za kuinyoosha, inapakwa uzi mwembamba wa gundi ukingoni, kisha inazungushwa bao la kukunjia, yaani bamba lenye upana wa mfuko, hadi kingo mbili zipandane. Hapo imekuwa neli, imelala bapa. Visahani viwili vya chuma, kimoja kila upande, vinasukuma mbavu ziingie ndani. Kisu cha meno kinakata, na ndiyo maana mdomo wa mfuko una meno. Kipande kilichokatwa kinashikwa na silinda ya kitako: mdomo wa neli unafunguliwa, mbavu zinatandazwa zikatoa zile pembetatu mbili, gundi inapakwa, kipande cha kwanza kinalazwa, cha pili kinakuja juu yake, mikanda inakandamiza. Silinda ya kitako haina akili ya kurekebisha. Inakunja kile ilicholetewa.

Tabu hii ni ya zamani. Mwaka 1852 Mmarekani Francis Wolle alipata hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya mashine ya mifuko ya karatasi, lakini mifuko yake ilikuwa kama bahasha, haina kitako. Aliyefumbua kitako ni mwanamke, Margaret Knight, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mifuko huko Springfield, Massachusetts. Alichonga mfano wa mbao ukafanya kazi, na ulipokuwa ukitengenezwa wa chuma, mtu aitwaye Charles Annan akauona na kwenda kuombea hataza kwa jina lake. Knight akamshtaki, akaleta michoro yake na mashahidi, akashinda. Hataza namba 116,842 ilitolewa kwa jina lake tarehe 11 Julai 1871. Kila fundi wa mifuko alijue jina hilo. Kisha mwaka 1883 Charles Stilwell akapata hataza ya mashine ya mfuko wenye mbavu zilizokunjwa, unaolala bapa na ukiukung'uta unasimama. Mfuko tunaoutengeneza leo ni wa namna hiyo, na kwenye mbavu hizo ndipo kijana wa Muyeye aliponasa.

Sasa vipimo. Chukua mfuko wa kawaida wa duka: upana milimita 150, ubavu milimita 90, urefu milimita 280. Upana wa roli ni upana wa mfuko na ubavu, jumla yake mara mbili, ongeza milimita 20 za kupandana. Yaani 150 na 90 ni 240, mara mbili 480, jumla 500. Urefu wa kukata ni urefu wa mfuko, ongeza nusu ya ubavu, ongeza milimita 20: 280, 45 na 20, jumla 345. Kwa hesabu hiyo vipande viwili vya kitako vitapandana milimita 40. Watu wanaobana karatasi wanapunguza zile 20 za mwisho hadi 10, halafu wanashangaa sukari inamwagika.

Kwa karatasi ya kaki ya gramu 80 kwa mita ya mraba, mfuko huo unakula gramu 13.8 hivi. Kilo moja ni mifuko 72 kwenye makaratasi, lakini panga bei yako kwa 68, kwa sababu kuna karatasi ya kutegea mashine, kuna mwisho wa roli, na kuna mifuko utakayoitupa. Roli ya kilo 200 ina mita 5,000. Mashine ikienda mifuko 120 kwa dakika itaimaliza kwa saa mbili. Kwa hiyo kosa la milimita tatu usipoliona asubuhi, kabla ya chai ya saa nne una maelfu ya mifuko ambayo hakuna mwenye duka atakayeipokea mara ya pili.

Mbavu. Ubavu wa milimita 90 hukunjwa katikati, 45 na 45, pande zote mbili. Kata neli kumi mfululizo kabla hazijaingia kwenye silinda ya kitako, zilaze mezani, pima kina cha ubavu wa kushoto na wa kulia kwa rula ya chuma. Ukipata 47 kushoto na 43 kulia kwa neli zote kumi, kisahani kimehama: legeza boliti yake, kirudishe, kaza, kata kumi nyingine. Ukipata 47 na 43, inayofuata 44 na 46, inayofuata 48 na 42, usiguse kisahani. Hapo karatasi yenyewe inatembea, na utaitafuta nyuma, kwenye roli. Tofauti ya hali hizi mbili ndiyo kazi yote ya mwendesha mashine, na hakuna muuzaji atakayekufundisha siku anayokuletea mashine.

Karatasi inatembea kwa nini? Breki ya roli ikiwa legevu, karatasi inakuja ikiyumba. Ikikazwa mno, inavutika na kuchanika kwenye bao. Roli ikipungua na breki ikabaki palepale, mvuto unabadilika. Kwenye mashine isiyojirekebisha, mtu lazima asimame pale alegeze kidogo kidogo kadiri roli inavyokwisha. Hilo ni la mahali popote. La kwetu pwani ni unyevu. Karatasi hunywa mvuke wa hewa, na ikinywa hutanuka zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, kwa sababu nyuzi zake zimelala kufuata urefu wa roli na kila uzi hunenepa zaidi kuliko unavyorefuka. Roli iliyoachwa wazi ghalani wakati wa masika hunywa kutoka kingoni kwanza. Kingo zinafanya mawimbi, katikati pamekaza. Ukiipandisha mashineni, ukingo ule wa mawimbi ndio unaopakwa gundi na ndio unaopandana. Neli itatoka na mshono uliokunyata, na ubavu mmoja utakuwa mkubwa kuliko mwenzake.

Basi roli isikae chini sakafuni, ikae juu ya mbao. Isivuliwe karatasi yake ya nje mpaka inapopanda mashineni. Iletwe chumba cha mashine siku moja kabla. Roli iliyobaki nusu jioni ivikwe nailoni nzito ifungwe pande zote mbili, na asubuhi utupe mizunguko ya juu. Najua inauma kutupa karatasi ya pesa. Itupe.

Sasa tuje kwenye gundi, baada ya neli kuwa sawa. Chukua kitako kilichofumuka, kifungue polepole kwa vidole viwili, ukitazama. Karatasi ikichanika na kuacha nyuzi upande wa pili, gundi ilishika vizuri na tatizo ni nguvu ya karatasi au uzito uliotiwa. Ukiona gundi upande mmoja tu, imekauka inang'aa kama kucha, basi ilikauka kabla vipande havijakutana: mashine inakwenda polepole mno, gundi ni nyembamba mno, au kuna feni. Feni ndilo kosa la kwanza ninalolitafuta nikiingia karakana yoyote ya hapa Malindi. Joto la kaskazi ni kali, mtu anaelekeza feni kwake, upepo unapiga kibirika cha gundi. Mgeuzie feni mgongoni. Ukiona gundi pande zote mbili lakini bado mbichi na inateleza, umepaka nyingi au mikanda ya kukandamiza ni legevu. Gundi nyingi ina ubaya wa pili: inapenya na kubandika ndani ya mfuko, mteja anauvuta haufunguki.

Gundi nyeupe ya maji inafaa kwa mshono wa urefu, mstari wa milimita 3 hadi 5 katikati ya zile 20 za kupandana. Kwa kitako wengi wanatumia gundi ya wanga, na wanga wa muhogo unatosha kwa kazi ya mkono: koroga kilo 1 kwa maji baridi kidogo, kisha mimina kwenye maji ya moto mpaka jumla ya maji iwe lita 8, koroga bila kuacha hadi iwe angavu. Pika ya siku hiyo tu. Kwa joto letu ya jana huchacha, na ikichacha huwa maji na kunuka, na harufu inabaki kwenye mfuko. Kuna wanaotia mrututu isiharibike. Mrututu ni sumu, na mfuko huo utatiwa mkate na mabuyu ya watoto. Usitie.

Wakati wa kusi na mvua, mifuko iliyotoka mashineni usiifunge mabunda ya kamba siku hiyohiyo. Ipange wima, vitako chini, hewa ipite, ilale usiku mmoja. Hewa ya chumvi nayo inashika chuma: mabao, visahani na visu vifutwe kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha asubuhi vifutwe tena kwa kitambaa kikavu kabla ya karatasi kupita, la sivyo mifuko mia ya kwanza ina madoa. Kibirika na gurudumu la gundi vioshwe kwa maji kabla hamjaenda nyumbani. Punje moja ya gundi kavu kwenye gurudumu huacha pengo kwenye kila mfuko, mahali palepale.

Kwa wanaotaka kununua: tangu marufuku ya mifuko ya plastiki hapa Kenya ilipoanza tarehe 28 Agosti 2017, kila mtu amekuwa akiniuliza bei ya mashine. Muulize muuzaji mabao ya kukunjia ni mangapi, na ya upana gani. Mashine nyingi za gia huja na bao la saizi moja, na kila upana mpya wa mfuko unataka bao lake, kila urefu gia yake. Uliza kama inataka umeme wa fezi tatu, na kama nyumba yako inao.

Ndugu zangu wa Amu, kisiwani Lamu, mashine ya tani kadhaa haivuki Mokowe kwa mashua ikapita vichochoro vya mji kirahisi, na punda haibebi. Tumieni bao la mbao la milimita 150 kwa 90, karatasi iliyokatwa 500 kwa 345, na fimbo ya kukandamizia. Vipimo ni vilevile, na hapo jicho lako linaona ubavu kabla ya gundi.

Na wewe kijana wa Muyeye: kesho usianze kwa kuwasha sehemu ya gundi ya kitako. Pitisha karatasi, kata neli kumi, ziandike namba kwa kalamu 1 hadi 10 kwa mpangilio zilivyotoka. Pima ubavu wa kushoto na wa kulia wa kila moja, pima na upana wa kupandana juu na chini. Kisha washa gundi, pitisha mifuko kumi kamili, pima ulalo mbili za kila kitako, yaani kutoka pembe hadi pembe inayoikabili. Zikitofautiana zaidi ya milimita 2, kitako kimepinda. Nitumie namba zote kama zilivyo, hata zile unazoziona mbaya, na uniambie roli ilikaa wapi usiku.